Ucha wa Mwalimu Sairakan

Kufikia umri wa miaka hamsini na sita, mwalimu Sairakan alikuwa amekula mbavu nyingi kiasi cha kuunda kundi dogo la kondoo. Si kwamba alizipenda. Alipewa. Kwa Wakirgizi nyama ya karamu mtu hajichukulii. Kondoo akishachemshwa hugawanywa kufuata mifupa yake, na kila mfupa una mwenyewe kwa umri, kwa cheo na kwa ukoo. Mtu akitaka kujua majirani wanamwonaje hana haja ya kuuliza. Anaketi, anangoja, kisha anatazama sahani.

Utotoni alipewa sikio, kama watoto wote. Alipoolewa, akiwa na miaka ishirini na miwili, hakupewa kitu; alikula amesimama jikoni, kama mabibi harusi wote. Mumewe, bwana shamba wa wilaya, alimwacha baada ya miaka mitano akamwoa muuguzi aliyekuja kuwachanja watoto wa kijiji, na tangu hapo watu wa kijiji chao, At-Bashy, walikosa pa kumweka Sairakan. Hakuwa mke wa mtu, hakuwa mjane, na msichana ndiyo kabisa hakuwa. Alikuwa na binti mmoja, aliyekwenda kushona nguo Moscow, na alifundisha jiografia kwa ramani ambayo juu yake nchi moja kubwa ilikuwa imegawanywa kwa kalamu ya wino kuwa nchi kumi na tano. Wakafikiri, wakampa ubavu. Ubavu ni mfupa wa mtu asiye na adui.

Kitu ambacho hakuwahi kupewa ni ucha. Ucha ni kipande cha matakoni, pamoja na kifandugu na mafuta ya mkia yanayotetemeka yakibebwa, na huwekwa mbele ya mwanamke mkuu kuliko wote chumbani. Mwanamke huyo hutoa kisu chake taratibu, hukata, huwagawia walio karibu naye kadiri anavyowapenda, na kwa robo saa nzima hakuna anayemkatiza maneno. Sairakan hakuwahi kumwambia mtu kwamba anautaka. Waliolijua hilo ni wawili tu duniani, Kaliicha na Batma, waliolala naye chumba kimoja cha bweni la chuo cha ualimu miaka minne, watatu kwa birika moja na jozi moja ya viatu vya theluji.

Basi mwezi wa Machi, shule zilipofungwa kwa likizo ya machipuko, Sairakan alifunga begi, akamwachia jirani ufunguo na kuku, akaenda kumtembelea Kaliicha mjini Bishkek, na kutoka huko waende wote Talas. Batma alikuwa anamwoza mwanawe.

Kaliicha alikuwa ameuacha ualimu zamani na sasa aliuza mapazia sokoni. Alikuwa mjane mnene mwenye wana watatu na maoni juu ya kila kitu. Walikaa siku mbili kwenye nyumba yake ya ghorofa ya saba, ambapo kila dirisha lilikuwa na mapazia mawili na mlango wa choo pazia moja, wakanywa chai, wakawasema wote waliosoma nao, waliokufa wakiwasema kwa upole zaidi. Siku ya tatu alfajiri wakapanda gari la kuchangia.

"Umevaa koti hilo hilo," Kaliicha alisema gari lilipoanza kupanda mlima. "Koti hili nililiona kwenye maziko ya mume wangu."

"Ni koti zuri."

"Nimekwambia baya? Nasema tu marehemu angekuona angejua tarehe." Akamega mkate, akampa nusu. "Haya, niambie. Unakwenda kutafuta nini Talas?"

"Kumwona Batma. Kumwona bibi harusi."

"Na?"

"Na nini?"

"Na ucha, wewe. Usinitazame hivyo, dereva hajui tunasema nini, anadhani ni dawa."

"Naujua ucha, dada," dereva alisema bila kugeuka. "Mama yangu alipewa mara mbili. Ya pili alilia."

Sairakan alitazama theluji. Karibu na handaki la juu magari yalisimamishwa saa moja, kwa kuwa mlima ulikuwa umemwaga theluji barabarani, na kwa saa ile nzima Kaliicha alimweleza dereva maisha ya rafiki yake, mume, muuguzi, chanjo na yote. Mwishoni dereva alimtazama Sairakan kwenye kioo kwa heshima ya mtu anayetazama mgonjwa.

"Batma atakupa," Kaliicha akahitimisha. "Alisema bwenini. Alisema siku namwoza mwanangu, Sairakan utakaa mbele kabisa, mkabala na mlango. Mimi shahidi."

"Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na homa."

"Homa haifuti ahadi."

Sairakan alicheka, lakini ukweli ni kwamba maneno hayo ya bwenini alikuwa ameyabeba miaka thelathini na saba bila kuyapoteza, na miavuli katika muda huo alikuwa amepoteza minane.

Batma aliwapokea kwenye lango akiwa na unga hadi kwenye viwiko. Alifundisha biolojia na kulima maharage, kwa kuwa Talas kila mtu hulima maharage, hata daktari, hata imamu. Walikumbatiana, wakalia kidogo, wakacheka kwa nini wanalia, kisha wakakalishwa mbele ya karai la mafuta wakaange maandazi madogo ya karamu, kilo ishirini. Ndiyo namna wageni wanaopendwa wanavyopokewa. Wasiopendwa hupewa kiti.

"Sairakan," Batma alisema, akipitisha unga kwenye kipaji cha uso, "nimekwisha sema na shemeji. Nimemwambia wewe upewe heshima yako."

Hakusema zaidi, akaitwa uani. Kaliicha alimpiga Sairakan kiwiko cha nguvu, andazi moja likaruka kwenye moto.

Shemeji mwenyewe alikuwa Ishenbek, kaka wa mume wa Batma, daktari wa mifugo mstaafu, mtu aliyewajua kondoo kwa ndani kuliko alivyowajua watu kwa nje. Katika ukoo ule yeye ndiye aliyesimama penye masufuria na kupanga mifupa. Hakuandika orodha. Akiulizwa orodha iko wapi aligonga kichwa chake kwa mwiko. Kwa harusi hii walichinjwa farasi mmoja na kondoo sita, wageni walikuwa wa vyumba vitano, na Ishenbek alikuwa amelala mapema ili asisahau.

Mpango ulikuwa hivi. Wanawake wakuu wa upande wa bibi harusi, wakwe wapya, wangekaa katika hema la duara la manyoya lililosimamishwa uani, lenye mazulia na mito ya hariri, maana hakuna heshima kubwa kuliko hema. Marafiki wa Batma wangekaa chumba kikubwa cha ndani. Ucha wa wanawake ungekwenda hemani, kwa nyanya wa bibi harusi, Uulkan, mwenye miaka themanini na mitatu, ambaye katika bonde lile alisifika kwa kuwa hakuwahi kusahau sahani yoyote aliyowahi kuwekewa na ni nani aliyemwekea.

Asubuhi ya harusi mvua ikanyesha. Si mvua ya kuharibu sherehe, ilikuwa mvua ya machipuko, ya subira, na hema lilikuwa la kukodi. Saa nne hivi matone yakaanza kudondoka mahali pale pale pa heshima, mkabala na mlango, juu ya mto aliotengewa Uulkan. Batma alitazama juu, akatazama mto, akaamua kama jemadari. Wakwe waingizwe chumba kikubwa. Marafiki waende hemani.

"Nyie hamtaudhika?" aliwauliza.

"Sisi si sukari," alisema Kaliicha, akachukua ndoo akaitega chini ya tone.

Hakuna aliyemwambia Ishenbek. Masufuria yalikuwa nyuma ya zizi, njia ilikuwa tope, na kila mmoja alidhani mwingine amekwisha mwambia.

Kwa hiyo hemani walikaa wanawake wanane: Sairakan na Kaliicha, walimu wanne wa shule ya Batma, na mabinamu wawili wasioelewana, waliowekwa pale ili wasigombane mbele ya wakwe. Walinawa mikono, wakanywa mchuzi, wakasikia kutoka ndani spika ya harusi ikijaribiwa kwa kuhesabiwa hadi tatu. Kisha pazia la mlango likafunuliwa, zikaingia sahani, na mbele ya Sairakan, mkubwa kwa umri kuliko wote mle, ikatuliwa sahani pana ya bluu.

Ulikuwa ucha.

Aliutazama. Mafuta ya mkia yalitetemeka, yakatulia. Mwalimu aliyeketi pembeni mwake alivuta pumzi. Mmoja wa mabinamu alimnong'oneza mwenzake, mara ya kwanza tangu mwaka juzi, "Huyu ni nani kwani?"

"Umeona?" Kaliicha alisema. Macho yalikuwa yamemjaa maji, naye hakuwa mtu wa kulia bila kutangaza. "Si nilikwambia? Mimi shahidi. Toa kisu, wewe, unangoja ukupigie saluti?"

Sairakan alitoa kisu. Akakata kipande, nyama na mafuta pamoja, akakitia mdomoni. Alikitafuna polepole. Watu waliokuwepo wanasema hakuna aliyemkatiza, ingawa hakuwa anasema lolote.

Kabla hajameza vizuri sauti zikapanda ndani ya nyumba, na spika ya harusi ikanyamaza kwenye mbili.

Katika chumba kikubwa, mbele ya Uulkan mwenye miaka themanini na mitatu, ilikuwa imewekwa sahani iliyokusudiwa marafiki: mbavu nne na mfupa wa bega. Uulkan hakupiga kelele. Aliifunika sahani kwa kitambaa cha mikono, kama mtu anavyofunika uso wa maiti, akasema maneno mawili: "Viatu vyangu."

Kwa watu wengine mgeni akiomba viatu anataka kwenda uani. Mkwe akiomba viatu kabla ya dua ya mwisho, ni harusi inayovunjika, au ikiwa haivunjiki, ni watoto wa wajukuu watakaosimuliwa. Wanawake tisa wa upande wa bibi harusi walikuwa wamekwisha simama. Bibi harusi, Jazgul, nyuma ya pazia lake kwenye chumba cha pembeni, aliacha kupumua.

Batma aliingia hemani mbio, soksi tupu kwenye tope. Alitazama sahani ya bluu. Alimtazama Sairakan. Sairakan akaelewa kila kitu.

"Si wangu," alisema Sairakan.

"Nilikuombea bega," Batma alisema, sauti imekatika. "Nilimsihi shemeji akupe bega badala ya ubavu. Akakubali jana usiku, kwa shida. Ucha ulikuwa wa nyanya. Ni hema, tulibadilisha hema... Sairakan, wanaondoka."

Tone likaanguka kwenye ndoo. Miaka thelathini na saba, na kumbe alichotengewa kilikuwa bega, tena kwa shida. Sairakan alisikia uchungu umempanda hadi nyuma ya masikio, akaungoja upite, kama alivyozoea kulingoja darasa la saba linyamaze.

"Haraka, urudishe," alisema mwalimu wa pembeni. "Waambie mlikosea."

"Urudishe vipi?" Kaliicha alisema. "Umekwisha katwa! Tazama, una shimo kama la panya! Utampelekea mkwe mabaki? Bora umpelekee hizo mbavu kwa mara ya pili."

Hilo lilikuwa kweli. Ucha uliokatwa hauna wa kupelekewa. Sairakan aliutazama mkato wake, nadhifu, wa pembe kali, na kwa mara ya kwanza siku ile akili yake ikafanya kazi ya mwalimu, yaani kutafuta namna ya kulisema kosa kwa sauti kubwa na polepole hadi liwe somo.

Akavaa koti lake. Akainua sahani kwa mikono miwili.

"Unakwenda wapi?" Batma aliuliza.

"Nifungulie mlango, usiseme neno. Kaliicha, nifuate, na nikisema kitu chochote wewe tikisa kichwa."

"Nitikise kukubali au kukataa?"

"Kukubali, Mungu wangu."

Alivuka ua kwenye mvua, mnyoofu, sahani kifuani. Wanaume waliokuwa wakivuta sigara chini ya bati walimpisha bila kujua kwa nini. Alipita ukumbini, akaingia chumba kikubwa. Uulkan alikuwa ameketi bado, mjukuu mmoja akimvisha kiatu cha kushoto. Sairakan akasimama mlangoni, akainama, akasema kwa sauti ambayo kwa miaka thelathini na mmoja ilifika dawati la mwisho:

"Apa, mama yetu, nisamehe kwa kukuweka. Nimetoka mbali."

Uulkan aliinua macho. "Wewe nani?"

"Sairakan, wa At-Bashy. Kwetu, wakwe wapya wakipokewa, ucha hauletwi na watu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani anauleta kutoka jikoni, hatua ishirini, ni heshima gani hiyo? Ucha hupewa mgeni aliyetoka mbali kuliko wote, naye ndiye anayeuvusha ua na kumpelekea mama mkuu wa wakwe kwa mikono yake, ili safari yake yote iongezwe kwenye heshima ya mpokeaji. Nimevuka milima miwili, apa. Hii hapa."

Kaliicha alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu kiasi cha hereni kugonga shingo.

"Nina miaka themanini na mitatu," Uulkan alisema. "Sijapata kusikia jambo hilo."

"Apa, umewahi kuolewa At-Bashy?"

"Mungu aniepushe."

"Basi."

Mwanamke mmoja nyuma alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Uulkan hakucheka. Alinyoosha kidole chenye pete kuelekea kwenye sahani.

"Na hapo pamekatwa."

"Pamekatwa," Sairakan alisema bila kupepesa. "Mchukuzi hukata kipande cha kwanza akala mbele ya mashahidi. Ni kiapo. Kwamba amepita njiani na moyo safi, na kwamba chakula anachomletea mkwe angekula yeye mwenyewe. Kisipokatwa, kwetu mkwe haupokei."

"Haupokei kabisa," Kaliicha alisema, akichangamka. "Mimi niliona mmoja alirudishwa! Aibu! Kijiji kizima!"

Sairakan alimkanyaga.

Uulkan alimtazama mwalimu kwa muda mrefu, toka koti la maziko hadi soksi zenye tope. Alikuwa amekaa kwenye karamu miaka themanini na mitatu, na hadithi inayoletwa kwenye sahani aliijua kwa harufu. Lakini aliona pia kilichokuwa mbele yake. Upande mmoja palikuwa na ukweli, ambao ungempa mbavu nne, safari ya kurudi kwenye mvua na mjukuu aliyeharibiwa siku yake. Upande wa pili palikuwa na jambo ambalo bonde lile halijamfanyia mwanamke yeyote, kuvushiwa milima miwili. Mtu wa umri wake hababaishwi na hesabu kama hiyo.

Akamwambia mjukuu, "Nivue kiatu."

Chumba kizima kilipumua. Nyuma ya pazia la pembeni mtu mwingine naye alipumua. Wanawake tisa wakaketi, Sairakan akapiga magoti, akatua sahani kwa mikono miwili, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni, kwa kuwa kazi imekwisha.

"We mchukuzi," Uulkan alisema. "Huko kwenu mchukuzi hupewa nini?"

Sairakan alisimama. Katika sheria zote alizotunga toka hemani, hiyo hakuitunga.

"Hapewi kitu, apa. Ameonja tayari."

"Desturi ya ajabu. Mtu avuke milima miwili apewe kidonge cha nyama?" Kikongwe alichukua kisu akaupasua ucha katikati, kifandugu upande mmoja na mafuta ya mkia nusu kwa nusu, kazi ya mikato mitatu, kisha akamgeukia mwanamke mnono aliyeketi mkono wake wa kulia, shangazi wa bibi harusi. "Sogea, Gulsara."

"Nisogee wapi, apa? Mimi ni shangazi!"

"Sogea kuelekea kwenye ushangazi wako. Mpishe mwalimu."

Gulsara akasogea, na baada yake wote wakasogea kama mabehewa. Sairakan akaketi mkabala na mlango, na nusu ya ucha ikatuliwa mbele yake kwa mkono wa mwanamke mkuu wa ukoo mwingine, hadharani, jua likiwa juu, ingawa nyuma ya mawingu. Batma alisimama mlangoni akilia waziwazi. Uulkan alimtazama.

"Usilie, mkwe. Wewe umefanya vizuri. Wenzako wangetuletea mbavu."

"Mbavu!" Batma alisema. "Hata!"

Mwalimu alikata, akagawa. Alianza na Gulsara, ambaye alikuwa amenuna, akampa kipande kikubwa chenye mafuta, na Gulsara akaacha kununa katikati ya kutafuna. Kisha Sairakan akasema jambo moja juu ya mito ya At-Bashy, kwamba ina maji ya kijani mwezi wa Mei, na kwa robo saa nzima hakuna aliyemkatiza.

Mambo yangeishia hapo kama wanaume hawakuwa na masikio. Dakika ishirini baadaye Ishenbek alikuja mlangoni, mwiko mkononi, uso umemtoka jasho. Habari zilikuwa zimefika chumba cha wazee wa upande wa bibi harusi, nao walikuwa wameitazama nyonga yao, mfupa mkuu wa wanaume, wakauliza kwa nini wao wameletewa na mtu wa jikoni.

"Wanataka mchukuzi," Ishenbek alisema. "Nimewatafutia, lakini wako wawili, na wote wanasema wametoka mbali. Mmoja wa Osh, mwingine wa Kerben. Wanataka kupigana. Mwalimu, wewe ndiye mwenye hiyo desturi, na nasikia unafundisha ramani."

Mara ya kwanza katika maisha yake Sairakan alitolewa kwenye karamu kwa ajili ya jiografia. Wanaume wawili walikuwa wamesimama ukumbini, vifua mbele, kofia za manyoya kichwani.

"Kerben ni mbali zaidi," alisema yule wa Kerben. "Barabara yetu ni mashimo matupu. Mgongo wangu ushahidi."

"Haupimwi mgongo," alisema wa Osh.

"Njia hupimwa kwa ramani, haipimwi kwa malalamiko," Sairakan alisema. "Osh ni mbali. Wewe wa Kerben, mji wako uko hapo nyuma ya mlima huu. Ungekuwa tai, ungekuja kwa chai ya asubuhi ukarudi kabla haijapoa."

"Mimi si tai!"

"Ndiyo maana umechelewa," Ishenbek alisema, akampa wa Osh nyonga.

Kicheko kiliufuata mfupa hadi chumba cha wazee. Wa Kerben alipewa kubeba paja la farasi kwa ajili ya imamu, akaridhika, kwa kuwa lilikuwa zito kuliko nyonga na kila mtu aliona hivyo. Alipomaliza kulibeba alikuja kumwuliza Sairakan pembeni kama kuna namna Kerben ingesogezwa kwenye ramani.

Jioni, wakwe walipoondoka kwa heshima zote na viatu vyote miguuni, Uulkan alimwita Sairakan karibu na gari. Alimshika mkono, akamvuta hadi sikio kwa mdomo.

"At-Bashy nilikwenda," alinong'ona. "Mwaka wa sitini na saba. Nilikaa mwezi mzima. Mlinipa bega." Akapanda garini, akashusha kioo. "Jumanne ya mwisho ya Aprili namwoza mjukuu mwingine. Usipokuja, nitaomba viatu nyumbani kwangu mwenyewe."

Sairakan alirudi At-Bashy siku moja kabla ya shule kufunguliwa, na kwenye mfuko wa plastiki, kati ya mbavu alizofungiwa na Batma kwa mazoea, kulikuwa na kifandugu cha ule ucha. Hakumwambia mtu. Aprili aliomba ruhusa ya siku tatu akaenda Talas. Mwezi wa Juni akaenda tena. Kufikia vuli, Kaliicha alisema kwa simu, hakuna harusi ya maana katika bonde lile iliyofanyika bila mchukuzi, na familia moja ilikuwa imekopa shemeji kutoka Batken makusudi kwa ajili ya umbali wake.

Mwezi wa Novemba mwalimu mwenzake wa hesabu, hapo hapo At-Bashy, alimwoza binti. Sairakan alifika akaketi alipozoea kuketi, upande wa walimu. Mwenye nyumba akaja akamshika kiwiko, akampandisha mbele kabisa, mkabala na mlango, bila kueleza. Pazia likafunuliwa. Mwanamke mgeni, aliyesemekana ametoka Osh, akaingia na sahani kwa mikono miwili, akaitua mbele yake, akatoa kisu.

"Usishangae, mwalimu," mama wa mwenye nyumba alimnong'oneza, kwa upole wa mtu anayemwelimisha asiyesafiri. "Ni jambo la Talas. La kale sana. Wahenga wao walikuwa wakifanya hivi hata kabla ya barabara. Mgeni wa mbali hukata kwanza, ni kiapo."

"Sikuwa najua," Sairakan alisema.

Mgeni akakata kipande kinene, kama mtu anayekata sabuni. Sairakan akakitazama, akatazama ucha, ukiwa mzima mbele yake na kwa jina lake, akainua kidole.

"Chembamba zaidi," alisema. "Talas hukata chembamba."

Mgeni aliomba radhi, akakata upya, safari hii chembamba kama jani. Mama wa mwenye nyumba aliwageukia wanawake wengine akawaambia wakumbuke. Nao wanakumbuka; hadi leo At-Bashy wanakata chembamba, na ukiwauliza sababu watakueleza kwa kirefu.